Kupita, Kupenya na Kuvuka: Kiswahili Mbele ya Sentensi za Mwendo za Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiingereza kinavyoeleza tendo la mtu kupita au kujipenyeza katikati ya jambo fulani, liwe umati, msitu, kazi au masomo, na kuilinganisha namna hiyo na muundo wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba Kiingereza hukipa kitenzi jukumu la kueleza namna ya mwendo na kuuacha mkondo wa mwendo nje ya kitenzi, ilhali Kiswahili aghalabu hufanya kinyume. Kwa sababu hiyo, mfasiri anayefuata mpangilio wa Kiingereza neno kwa neno huipotosha maana, na yule anayeitupa namna ya mwendo kwa kuwa haikupata nafasi katika kitenzi huipunguza. Makala yanapendekeza nyenzo za Kiswahili zinazoweza kuyaepusha makosa haya mawili.

1.0 Utangulizi

Chukua mfano wa mashahidi wawili mahakamani wanaotoa ushahidi kwa Kiingereza. Wa kwanza anasema kwamba mshtakiwa "forced his way into the house". Wa pili anasema kwamba mshtakiwa "talked his way into the house". Wote wawili wamekubaliana juu ya jambo moja: mtu huyo aliingia nyumbani. Wanapotofautiana ni katika kitenzi. Wa kwanza anadai kuwa nguvu zilitumika. Wa pili anadai kuwa ulimi ndio uliofungua mlango. Mkalimani akizitafsiri sentensi zote mbili kwa neno "aliingia", hitilafu ya ushahidi itakuwa imefutika kabla ya mshtakiwa kuisikia.

Jambo hili si la kinadharia tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Ibara ya 50 nayo inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo endapo haielewi lugha inayotumiwa katika kesi yake. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu ya Kenya haiishii kwenye mlango uliovunjwa. Humhesabu pia mtu aliyeingia jengoni kwa vitisho au kwa hila kuwa amevunja na kuingia. Mbele ya sheria kama hiyo, namna ya kuingia si pambo la masimulizi. Ndiyo kesi yenyewe.

Tatizo hili la mkalimani ndilo pia la mfasiri wa riwaya, la mwandishi wa habari na la mwanafunzi anayefanya zoezi la tafsiri. Ili kulielewa, yafaa kuanza na Kiingereza chenyewe.

2.0 Kiingereza: mkondo nje ya kitenzi

Mwanaisimu Leonard Talmy, katika kazi zake za mwaka 1985, 1991 na 2000, alionyesha kwamba tukio la mwendo lina vipashio kadhaa. Viwili vinahusika hapa. Cha kwanza ni mkondo, yaani mwenda anaelekea wapi kuhusiana na mahali: anaingia, anatoka, anavuka, anapita katikati. Cha pili ni namna, yaani anakwendaje: anakimbia, anatambaa, anaogelea, anachechemea. Lugha zinatofautiana katika kuamua kipashio kipi kikalie kiti cha kitenzi kikuu.

Katika Kiingereza, kiti hicho hukaliwa mara nyingi na namna. Mkondo hubebwa na maneno madogo yanayokizunguka kitenzi, kama vile "in", "out", "across", "up" na "through". Talmy aliyaita maneno hayo setilaiti, kwa kuwa yanakiandama kitenzi kama mwezi unavyoiandama dunia. Sentensi zifuatazo ni mifano:

1. The boy swam across the river.
2. The boy ran out of the house.
3. The boy crawled through the fence.

Vitenzi vya sentensi hizi vinataja kuogelea, kukimbia na kutambaa. Hakuna kitenzi kinachotaja kuvuka, kutoka wala kupenya. Kazi hiyo imefanywa na "across", "out of" na "through". Sasa zitazamwe sentensi hizo katika Kiswahili sanifu:

1. Mvulana alivuka mto kwa kuogelea.
2. Mvulana alitoka nyumbani mbio.
3. Mvulana alipenya kwenye ua akitambaa.

Vipashio vimebadilishana viti. Kilichokuwa setilaiti kimekuwa kitenzi kikuu, na kilichokuwa kitenzi kikuu kimekuwa kielezi au kitenzi kisaidizi cha maana. Mabadilishano haya yaliwahi kutambuliwa na Jean-Paul Vinay na Jean Darbelnet mwaka 1958 walipokuwa wakilinganisha Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili hakiko peke yake. Katika uainishaji wa Talmy, kiko pamoja na lugha zinazoegemea kitenzi, zikiwemo Kifaransa, Kihispania, Kiarabu na lugha nyingi za Kibantu.

Ikumbukwe kwamba uainishaji huu unaeleza mwelekeo wa jumla, si sheria isiyovunjika. Kiingereza kina vitenzi vya mkondo kama "enter", "cross" na "descend", vingi vyavyo vikiwa na asili ya Kilatini na Kifaransa. Hata hivyo, msimulizi wa kawaida wa Kiingereza husema "went in" kwa wepesi zaidi kuliko "entered".

2.1 Muundo wa neno "way"

Kiingereza hakikuishia kwenye setilaiti. Kimejijengea muundo maalumu wa kumweleza mtu anayejitengenezea njia anapokwenda. Muundo huo una sehemu nne baada ya kiima: kitenzi, kimilikishi kinachomrejelea mtenda, neno "way", na kirai cha mkondo. Mifano ni hii:

4. She elbowed her way through the crowd.
5. He coughed his way through the speech.
6. She read her way through the whole shelf.
7. He worked his way through university.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, kimilikishi hakiwezi kumrejelea mtu mwingine. Katika sentensi ya 4, njia ni ya mwanamke huyo huyo anayepita. Pili, kirai cha mkondo hakiondoleki kwa urahisi. Ukiishia kwenye "She elbowed her way", msikilizaji hubaki akingoja kuambiwa ni wapi. Tatu, kitenzi hakilazimiki kuwa cha mwendo. Kukohoa si kwenda, wala kusoma si kwenda, lakini katika sentensi za 5 na 6 mtenda ameanzia upande mmoja wa jambo na kutokea upande wa pili.

Adele Goldberg, katika kitabu chake cha 1995, alisisitiza jambo hili la tatu. Kwa maoni yake, maana ya mwendo katika sentensi hizi haitoki katika kitenzi bali katika muundo wenyewe. Alibainisha pia kwamba kitenzi huweza kutaja njia ya kufanikisha mwendo, kama viwiko katika sentensi ya 4, au kutaja tu hali iliyoandamana na mwendo, kama kikohozi katika sentensi ya 5. Pale kitenzi kinapotaja njia ya kufanikisha mwendo, muundo huashiria kwamba pana kizuizi au ugumu fulani. Ndiyo maana sentensi "She walked her way through the open gate" hukwaruza masikio ya wazawa wa Kiingereza: lango li wazi, basi njia ya kujitengenezea ni ipi?

Muundo huu haukuzuka siku moja. Michael Israel, katika makala yake ya 1996, aliufuatilia kihistoria na kuonyesha kwamba ulipanuka hatua kwa hatua, ukivipokea vitenzi vingi zaidi kadiri karne zilivyopita. Leo unatumika hata pasipo na mahali pa kupita. Chuo kikuu katika sentensi ya 7 si jengo linalopenywa. Ni miaka ya masomo ambayo mtu ameimaliza kwa jasho lake. Kiingereza kimeigeuza kazi kuwa barabara.

3.0 Kiswahili: mkondo ndani ya kitenzi

Kiswahili kina hazina ya vitenzi vinavyobeba mkondo: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, penya, zunguka, rudi, fika. Umuhimu wa vitenzi hivi unaonekana mtu anapokitazama kiambishi -ni cha mahali. Kiambishi hiki hutaja mahali, lakini peke yake hakisemi kama mtu anaingia, anatoka au anapita hapo:

8. Aliingia msituni.
9. Alitoka msituni.
10. Alipita msituni.

Neno "msituni" halikubadilika hata kidogo. Kitenzi ndicho kilichoamua. Kwa hiyo mwanafunzi akitafsiri "swam across the river" kwa kuandika "aliogelea mtoni", hajasema kwamba mtu alifika ng'ambo. Amesema tu kwamba mtu alikuwa mtoni akiogelea, na pengine akarudi ukingo ule ule alikotoka. Kuvuka kumepotea kwa sababu neno la pekee lililokuwa na uwezo wa kukubeba, yaani kitenzi, limepewa kazi nyingine.

Hata hivyo, Kiswahili hakikuunyima mkondo njia nyingine zote. Kauli ya kutendea humpa mwenda mwelekeo. Linganisha:

11. Alikimbia nyumbani.
12. Alikimbilia nyumbani.

Sentensi ya 11 kwa kawaida hueleweka kuwa mtu alitoroka kwao. Sentensi ya 12 ni kinyume kabisa: nyumbani ndiko alikotafuta salama. Silabi moja imemgeuza mtu akatazama upande wa pili. Vivyo hivyo, "alikimbia ndani ya nyumba" ni kukimbia huku na huko mtu akiwa tayari yumo, ilhali "alikimbilia ndani" ni kuingia kwa mbio. Aidha, neno "hadi" au "mpaka" huweza kukiongezea kitenzi cha namna kikomo, kama katika "alitambaa hadi mlangoni". Lakini hapo mtu amefika mlangoni tu. Ili apite mlango, Kiswahili hudai kitenzi kingine: "alitambaa hadi mlangoni akaingia".

4.0 Makosa mawili ya tafsiri

Kosa la kwanza ni kunakili. Mfasiri huliona neno "way", hulitafsiri "njia", na kuandika "alifanya njia yake hadi jukwaani". Msomaji wa Kiswahili atadhani kwamba mtu huyo ana barabara aliyoimiliki au aliyoilima. Sentensi ya 7 huharibika zaidi. Ikiandikwa "alifanya kazi kupitia chuo kikuu", itaeleweka kuwa chuo kikuu ndicho kilichomtafutia ajira, kwa kuwa "kupitia" katika matumizi ya leo hutaja pia chombo au wakala, kama katika "tangazo lilitolewa kupitia redio". Aliyejisulubu kulipa karo amegeuzwa kuwa mtu aliyetafutiwa kazi.

Neno "kupitia" linastahili tahadhari zaidi. Maana zake za kale zi wazi: kupitia mahali ni kwenda kwa njia ya hapo, na kupitia maandishi ni kuyasoma kwa kuyakagua. Matumizi ya "alipitia shida nyingi" yamezoeleka kiasi kwamba kuyakataa kabisa ni kazi bure. Hata hivyo, mwandishi anayeyategemea kila mara hujinyima maneno mengine. Aliyepatwa na masaibu, aliyekumbwa na msiba, aliyevumilia dhiki na aliyejikwamua kutoka katika ufukara hawakufanya jambo moja. Wawili wa kwanza wamefikwa, wa tatu amestahimili, na wa nne ametoka. "Kupitia" huwatia wote katika gunia moja.

Kosa la pili ni kuacha. Mfasiri anajua kwamba Kiswahili hutaka mkondo katika kitenzi, basi anaandika "alipita katikati ya umati" na kuendelea na safari. Sarufi imesalimika, lakini viwiko vimepotea. Kosa hili si la Waswahili pekee. Dan Slobin, katika makala yake ya 1996, alilinganisha riwaya za Kiingereza na tafsiri zake za Kihispania, akaona kwamba wafasiri waliiacha namna ya mwendo katika takribani nusu ya matukio. Sababu inaeleweka: katika lugha inayoegemea kitenzi, namna huhitaji kirai cha ziada, na virai vya ziada huifanya sentensi kuwa nzito. Lakini wepesi unaopatikana kwa kuufuta ushahidi ni wepesi wa gharama kubwa.

5.0 Nyenzo za Kiswahili

Mfasiri ana nyenzo zisizopungua nne za kuepukana na makosa hayo.

5.1 Mfuatano wa vitenzi

Kiswahili hupenda kuligawa tukio katika hatua na kuziunganisha kwa -ka- au -ki-. Sentensi ya 4 inaweza kuwa: "Aliupangua umati kwa viwiko akapita." Sentensi ya 5 inaweza kuwa: "Aliisoma hotuba akikohoa tangu mwanzo hadi mwisho." Watangazaji wa kandanda redioni huitumia mbinu hii bila kufundishwa. Mchezaji "anampiga chenga beki wa kwanza, anampita wa pili, anapenya ngome". Mkondo umo, namna imo, na hakuna "njia yake" hata moja.

5.2 Viambishi vya kujirejea na vya kusababisha

Maana ya mtu kujitengenezea mwendo, ambayo Kiingereza huipata kwa kimilikishi, Kiswahili huipata kwa kiambishi -ji-. Kujipenyeza ni kupenya kwa juhudi na pengine kwa ujanja. Kujikokota na kujikongoja ni kwenda huku mwili ukiwa mzigo. Sentensi ya 7 hupata hapa tafsiri iliyo bora kuliko zote: "Alijisomesha chuo kikuu kwa kufanya vibarua." Neno "alijisomesha" limebeba mtenda, juhudi na lengo.

5.3 Vitenzi vya namna

Si kweli kwamba Kiswahili kina uhaba wa vitenzi vya namna. Kunyata, kutambaa, kuchechemea, kupepesuka na kupapasa vipo na vina nguvu. Kinachotakiwa ni kuviandamanisha na kitenzi cha mkondo: "Alipapasa gizani mpaka akaufikia mlango, akatoka." Tanakali za sauti nazo husaidia pale mkondo unapokuwa wa ghafla, kama katika "alitumbukia majini chubwi".

5.4 Takriri

Sentensi ya 6, ya mtu aliyeisoma rafu nzima, inahitaji nyenzo ya kueleza kazi inayomalizwa kidogo kidogo. Kiswahili hutumia takriri: "Alisoma kitabu baada ya kitabu mpaka akaimaliza rafu nzima." Mbinu hii ina mizizi katika methali. "Bandu bandu huisha gogo" na "Chovya chovya humaliza buyu la asali" zina sehemu mbili zile zile: tendo dogo linalorudiwa, na kitu kikubwa kinachoisha. Pana tofauti ya kuzingatiwa, hata hivyo. Kiingereza kinaitazama kazi kama mahali ambapo mtu anapita. Methali hizi zinaitazama kama kitu kinachopungua. Katika Kiingereza msomaji humwona mtu akisogea, na katika methali huliona gogo likiisha. Aidha, methali ya buyu huwa na onyo ndani yake juu ya matumizi mabaya, kwa hivyo haifai kumsifia msomaji wa vitabu. Mfasiri aazime takriri, si lazima aazime methali nzima.

6.0 Kipimo cha uzito

Je, namna ya mwendo itafsiriwe kila inapotokea? La. Sentensi ya Kiingereza "He walked into the office and greeted the clerk" haihitaji "aliingia ofisini kwa kutembea". Kutembea ndiko kuingia kwa kawaida, na kukutaja humfanya msomaji ashuku kwamba mtu huyo alikuwa mgonjwa aliyepona jana. Kipimo ni uzito. Namna ikiwa ya kawaida, iachwe. Namna ikibadilisha tunachokijua juu ya mtenda, nia yake au gharama aliyoilipa, itafutiwe nafasi hata kama sentensi itarefuka.

Kwa kipimo hicho, turudi mahakamani. "Forced his way into the house" yafaa kuwa "aliingia nyumbani kwa kutumia nguvu". Haifai kuwa "alivunja mlango akaingia", kwa maana shahidi hakutaja mlango. Huenda mshtakiwa alimsukuma mtu kando. "Talked his way into the house" yafaa kuwa "alizungumza mpaka akaruhusiwa kuingia". Haifai kuwa "aliingia kwa hila", kwa sababu Kiingereza hakikusema kama maneno hayo yalikuwa ya kweli au ya uongo, na hila, kama ilivyoelezwa katika utangulizi, ina uzito wake katika sheria. Mkalimani anayesema "aliingia" amepunguza ushahidi. Anayesema "kwa hila" ameuongeza. Wote wawili wamemkosea mtu anayesimama kizimbani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiingereza huutia mkondo katika setilaiti na kukiachia kitenzi namna, na kwamba muundo wa "way" ni kilele cha tabia hiyo. Kiswahili huutia mkondo katika kitenzi, nacho kina mfuatano wa vitenzi, kiambishi -ji-, kauli ya kutendea, vitenzi vya namna na takriri za kuirejesha namna inapohitajika. Kwa hiyo ugumu wa tafsiri hapa hautokani na upungufu wa lugha yoyote kati ya hizi mbili. Unatokana na mazoea ya kudhani kwamba kitenzi cha Kiingereza lazima kiwe kitenzi cha Kiswahili.

Inapendekezwa kwamba katika masomo ya tafsiri na ukalimani wanafunzi wazoezwe kuijibu kila sentensi ya mwendo maswali matatu kabla ya kuandika: mwenda ameelekea wapi, amekwendaje, na ni kipi kati ya hayo mawili ambacho kikikosekana habari itakuwa imebadilika? Jibu la swali la kwanza litampa mfasiri kitenzi. Jibu la pili litampa kielezi au kitenzi cha kuandamana nacho. Jibu la tatu litamwambia kama ana haki ya kunyamaza.